Shingo ya Bunduki ya Rangi

Chombo kilichoundwa kwa vipande vya mafundi wawili wasiojuana aghalabu huharibikia pale vipande hivyo vikutanapo. Mkulima aijua habari hii kwa jembe lake, ambalo hulegea penye mpini kabla bamba lake halijaisha. Na mpanda baiskeli aijua kwa tandiko lake, lishukalo kidogo kidogo kila apitapo penye mashimo. Bunduki ya rangi, ambayo ni chombo cha mchezo uliozaliwa Marekani katika karne ya 20, ina kiungo cha namna hiyo, nacho huitwa shingo. Ni mrija mfupi, usiozidi urefu wa kidole cha mtu, usimamao juu ya bunduki na kupokea vidonge vya rangi kutoka katika chombo kilicho juu yake. Habari za mchezo huu zisimuliwapo, hutajwa kwanza mitutu, vifyatulio na mitungi ya hewa. Shingo hupitiwa upesi, kama kwamba haikufanya lolote. Walakini wachezaji wenyewe waliijua shingo mapema. Waliikamata kwa vidole vyao, wakaing'oa, wakaweka nyingine badala yake, na katika kufanya hivyo waliwafundisha watengenezaji jambo ambalo karakana zilikuwa hazijalitia maanani.

Asili ya bunduki hii haikuwa vita wala mchezo. Ilikuwa kazi ya msitu. Mwaka 1940 ndugu wawili, Charles na Evan Nelson, walianzisha kampuni ya rangi katika mji wa Iron Mountain, jimbo la Michigan, na wateja wao wakubwa wakawa watunza misitu na wakata miti. Mti upasao kukatwa, na ule upasao kuachwa, sharti utiwe alama. Na mtia alama alilazimika kuufikia kila mti kwa miguu yake, apite matope, avuke vijito, apenye miiba, apake rangi, kisha arudi. Charles Nelson alitamani rangi iende badala ya mtu. Njia aliyoiona ni kuifunga rangi ndani ya kidonge chepesi kupasuka na kukirusha kwa bunduki ya hewa. Kidonge chenyewe kilipatikana kwa kampuni ya R. P. Scherer, ambayo kazi yake ilikuwa kufunga dawa ndani ya ngozi laini ya jelatini. Kwa hiyo kidonge cha rangi ni ndugu wa kidonge cha dawa: kilichobadilika ni ukubwa wake na kile kilichomo tumboni mwake.

Kampuni ya Crosman ndiyo iliyoanza kuunda bunduki ya kurushia vidonge hivyo, lakini haikuendelea nayo. Nelson akaenda kwa kampuni ya Daisy, iliyokuwa ikitengeneza bunduki za hewa katika mji wa Rogers, jimbo la Arkansas. Fundi wa Daisy aliyeitwa James Hale akasanifu bunduki mpya, akaombewa hataza mwaka 1972, nayo ikatolewa mwaka 1974. Bunduki hiyo iliuzwa kwa jina la Nel-Spot 007. Watunza misitu waliitumia kwa miti, na wafugaji waliitumia kuwatia alama ng'ombe katika makundi makubwa. Upana wa kidonge chake ulikuwa sehemu 68 katika 100 za inchi, yaani milimita 17 na kidogo. Na kipimo hicho, kilichochaguliwa kwa ajili ya magome na ngozi za wanyama, ndicho kilichobaki kuwa kipimo kikuu cha mchezo mpaka leo.

Nel-Spot 007 haikuwa na shingo. Vidonge vyake vililala katika mrija uliokwenda sambamba na mtutu, na havikushuka vyenyewe. Mwenye bunduki aliiinamisha ili kidonge kimoja kiviringike mpaka mahali pake, kisha akavuta komeo kwa mkono, ndipo akafyatua. Hewa ya kaboni ilitoka katika kichupa kidogo cha gramu 12, cha aina ile itumiwayo kutilia soda mapovu. Hapana haja ya kuilaumu bunduki hii kwa uzito wa mwendo wake. Mti haukimbii, na ng'ombe, hata akikimbia, hajibu kwa rangi. Mtunza misitu alikuwa na wakati wote aliouhitaji kati ya alama na alama.

Wakati huo ulikwisha siku moja ya mwezi wa Juni mwaka 1981. Charles Gaines, mwandishi wa vitabu aliyekaa New Hampshire, na rafiki yake Hayes Noel, mfanyabiashara wa hisa wa New York, walikuwa wamebishana kwa muda mrefu juu ya swali moja: ni nani atakayeokoka mwituni, mtu wa shamba aliyezoea msitu, au mtu wa mjini aliyezoea ujanja wa soko? Rafiki yao George Butler aliwaonyesha picha ya Nel-Spot katika orodha ya bidhaa za kilimo, nao wakaona kuwa mabishano yao yamepata kipimo. Wakamshirikisha Bob Gurnsey katika kuandika kanuni, wakakusanya watu 12 katika msitu wa Henniker, New Hampshire, kila mmoja na bunduki yake na miwani ya kukinga macho. Mshindi alikuwa yule atakayekusanya bendera kutoka vituo vilivyotawanywa msituni na kutoka salama bila kupigwa rangi. Aliyeshinda alikuwa Ritchie White, mtu wa kazi za msitu, na jambo la kushangaza ni kwamba alimaliza mchezo bila kufyatua hata mara moja. Katika mchezo wa kwanza kabisa wa bunduki za rangi, bunduki haikuwa na kazi mkononi mwa mshindi. Aliijua nchi, akajificha, akanyamaza, akapita.

Kama wote waliocheza baadaye wangalimfuata White, shingo isingalizaliwa. Lakini habari za mchezo zilienea katika magazeti, Gurnsey akaanzisha biashara ya kuwauzia watu vifaa na kanuni, na viwanja vikafunguliwa. Wachezaji wa viwanja hivyo hawakuwa wakata miti. Walikuwa watu waliokuja Jumamosi kutoka kazini kwao, wenye hamu ya kufyatua. Na mtu mwenye hamu ya kufyatua huona kuwa vidonge 10 katika mrija ni vichache, na kuinamisha bunduki ili kupata kimoja ni adhabu. Kuinamisha huko humfichua alipojificha, huondoa jicho lake kwa adui, na hujirudia kwa kila risasi. Katikati ya miaka ya 1980 kichupa cha gramu 12 kilianza kuachwa kwa ajili ya mtungi mkubwa uliotosha mamia ya risasi, na mara hewa ilipokuwa nyingi, uchache wa vidonge ukawa aibu.

Hapo ndipo vidonge vilipohamia juu ya bunduki. Kanuni ya mabadiliko hayo ni nyepesi: weka vidonge vyote katika chombo kilicho juu ya chemba, nao uzito wao utavishusha kimoja kimoja. Chombo hicho kilikuwa na umbo la kibuyu kilichopinduliwa, tumbo juu na mdomo chini, na katika insha hii kitaitwa kibuyu. Ili kukiunganisha na bunduki ilihitajika njia, na mafundi wa mwanzo waliitafuta mahali popote ilipopatikana. Wengine waliichukua dukani kwa fundi wa mabomba, katika viwiko vya plastiki viunganishavyo mifereji ya maji. Kiwiko kimoja kilichomekwa kwenye tundu la bunduki, kibuyu kikachomekwa kwenye kiwiko, na kazi ikaonekana imekwisha.

Haikwisha. Kidonge kimoja kina uzito wa gramu 3 hivi, na kibuyu cha kawaida kilikuja kuchukua vidonge 200. Hizo ni gramu 600 za vidonge peke yake, pasipo kuhesabu kibuyu chenyewe, nazo husimama juu ya mrija ulioshikwa kwa kukwaruzana tu. Mwenye bunduki hatembei kama mbeba maji mwenye mtungi kichwani. Hukimbia, hujitupa chini kwa tumbo, hupenya vichakani, huzunguka mti. Kila mara mwili usimamapo ghafula, kibuyu hutaka kuendelea na safari. Na kwa kuwa kimesimama mbali na shina lake, nguvu yake huongezeka kama nguvu ya mtu asukumaye mlango kwa ukingo wa mbali na bawaba. Matokeo yalijulikana na kila mchezaji. Kibuyu kilipinda, vidonge vikakwama. Au kilianguka, na vidonge 200 vikamwagika majanini katika saa ile ile ambayo adui alikuwa hatua 20 tu mbele.

Bunduki zenyewe nazo hazikungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilienea bunduki zijipakiazo zenyewe, na kati ya hizo zilizosifiwa ni Automag ya kampuni ya Airgun Designs na Autococker ya Worr Game Products. Mchezaji hakuvuta tena komeo kwa mkono. Alivuta kifyatulio, na hewa ikafanya yaliyobaki. Ndipo ikadhihirika kuwa vidonge katika kibuyu hufanya daraja: viwili au vitatu hukumbatiana juu ya mdomo, kila kimoja kikimzuia mwenziwe, na hakuna kishukacho. Wachezaji walijifunza kuitikisa bunduki baada ya kila risasi chache, na kila mtikiso ulizidi kuilegeza shingo. Baadaye kampuni ya Viewloader ikatia ndani ya kibuyu mota ndogo yenye mabawa ya kuvurugia vidonge, na mtikiso ukapungua. Lakini betri na mota vilikuwa na uzito wao, na uzito huo pia ulikaa juu ya shingo ile ile.

Mwishoni mwa miaka hiyo zikaja bunduki za umeme, kama Shocker ya kampuni ya Smart Parts ya Pennsylvania na Angel ya kampuni ya WDP ya Uingereza. Kifyatulio chake kiligusa swichi tu, na kidole cha kawaida kiliweza kuomba risasi nyingi kuliko zile ambazo vidonge viliweza kushuka. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kidonge kilichotulia juu ya chemba hakina budi kuanguka umbali ulio sawa na upana wake mwenyewe, yaani milimita 17 na kidogo, kabla ya komeo kukifunga. Kwa uzito wa dunia peke yake, kuanguka huko huchukua karibu sehemu 6 katika 100 za sekunde. Kwa hiyo hata pasipo msuguano wala kukwama, hakuna kibuyu cha kudondosha kiwezacho kulisha zaidi ya vidonge 17 hivi kwa sekunde. Komeo likirudi mbele kabla kidonge hakijakaa, hukikata, na rangi hujaa ndani ya bunduki. Tangu hapo kila risasi huenda upande na mchezaji hana tena silaha.

Jawabu lilikuwa kibuyu kisichongoja uzito wa dunia bali kinachosukuma vidonge kwa gurudumu na chemchemi. Vibuyu vya namna hiyo vilienea tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na cha Halo kilikuwa mashuhuri miongoni mwao. Na hapa kuna jambo ambalo msomaji wa fizikia atalitambua mara moja, ingawa wachezaji wengi walilijua kwa hasara kabla ya kulijua kwa akili. Kinachosukuma chini husukumwa juu. Kibuyu kinachoshindilia vidonge katika shingo hupokea msukumo ule ule kwa upande wa pili, nacho hutaka kupanda na kutoka. Shingo ya zamani ilikuwa na adui wawili, yaani uzito na mtikiso. Sasa ilipata wa tatu, ambaye alikuwa amewekwa juu yake kwa makusudi.

Inafaa kutua hapa na kuangalia jinsi watu walivyojaribu kuishikilia shingo hiyo, maana ubunifu mwingi umo katika mambo yaonekanayo kuwa ya aibu. Wengine walizungusha utepe wa fundi umeme juu ya kiungo, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa kama mguu uliovunjika. Utepe ulishika vizuri asubuhi na kulainika adhuhuri. Wengine walitumia kibano cha chuma cha mpira wa maji, kile ambacho fundi wa magari hukaza kwa bisibisi. Kilishika kweli kweli, lakini kukifungua kiwanjani kulitaka chombo ambacho mchezaji hakukibeba. Watengenezaji wenyewe walipendelea skrubu moja iliyopenya ubavuni mwa shingo na kubana shingo ya kibuyu. Ubaya wake ni kwamba nguvu yote huangukia nukta moja. Skrubu ikikazwa kidogo, kibuyu huzunguka. Ikikazwa zaidi, plastiki hupasuka. Kibuyu cha bei kubwa kiliweza kuharibiwa na skrubu ya senti chache, na hakuna aliyeweza kumlaumu mwingine, kwa kuwa mwenye bunduki na mwenye kibuyu walikuwa wafanyabiashara wawili tofauti na kila mmoja alitimiza wajibu wake mpaka penye mpaka wake.

Shingo yenye kibano ilitokana na wazo la kale. Chukua pete ya alumini, ipasue upande mmoja kutoka juu hata katikati, kisha weka kitu cha kuuvuta mpasuko huo ufunge. Pete ikifunga hupungua upana wake pande zote kwa pamoja, na nguvu iliyokuwa nukta moja huenea katika duara zima. Ndiyo kola ishikayo nguzo ya tandiko la baiskeli, na mtu yeyote aliyewahi kushusha tandiko ili mtoto apande amekwisha kukitumia kifaa hiki. Katika shingo zilizo nzuri, mpasuko hauvutwi kwa skrubu peke yake bali kwa wenzo mdogo ambao kichwa chake hakikuchongwa duara kamili. Wenzo ukilazwa, upande mnene wa kichwa husukuma na pete hubana. Ukiinuliwa, upande mwembamba huja na pete huachia. Skrubu ndogo iliyo upande wa pili hupimwa mara moja tu, kulingana na unene wa shingo ya kibuyu, ambao ni karibu inchi 1 kwa vibuyu vingi. Tangu hapo kidole gumba kimoja hutosha.

Kisa kifaacho kuonyesha mabadiliko haya ni kile cha bunduki iitwayo Ion, iliyotolewa na Smart Parts mwaka 2005. Ion ilikuwa bunduki ya umeme iliyouzwa kwa bei isiyofika dola 300, wakati wenzake wa umeme walikuwa ghali zaidi. Vijana ambao walikuwa wakitazama bunduki za umeme vioo vya dukani sasa waliweza kuzinunua. Lakini bei ndogo hulipwa mahali fulani, na katika Ion mahali pamoja palikuwa shingo. Bunduki hiyo, iliyoweza kula vidonge kwa kasi iliyotaka kibuyu cha kusukuma, ilikuja na shingo isiyo na kibano. Mwenye kuinunua alikuwa kama mtu aliyepewa farasi wa mbio na hatamu ya kamba. Kwa hiyo, miongoni mwa wenye Ion, kubadili shingo kukawa desturi ya siku za kwanza, hata kabla rangi haijapata kuigusa bunduki.

Kazi yenyewe ni fupi, ila ina mitego. Kwanza hewa hutolewa yote na mtungi huondolewa, kibuyu huondolewa, na chemba huchunguzwa, kwa maana kidonge kimoja chaweza kubaki ndani hata baada ya kibuyu kuondoka. Hadhari hii si ya woga. Kasi inayoruhusiwa katika viwanja vingi ni futi 300 kwa sekunde, na kidonge cha gramu 3 kwa kasi hiyo huacha alama ya buluu penye paja, lakini penye jicho lisilokingwa huondoa nuru kabisa. Mchezo huu umewahi kuwapofusha watu, na wengi wao hawakupofushwa katika joto la mapambano bali katika dakika za utulivu, miwani ikiwa imevuliwa na bunduki ikidhaniwa kuwa tupu.

Kisha shingo ya zamani hufunguliwa kwa kuzungushwa, na hapo ndipo hesi huonekana. Mtengenezaji mmoja alichonga hesi zake pana, mwingine nyembamba. Shingo ya bunduki moja haiingii katika nyingine ijapokuwa kwa macho zafanana kama mapacha. Shingo isiyo yake ikilazimishwa, huzunguka mara moja au mbili, hushika kama iliyokubali, kisha hula hesi za mwili wa bunduki. Na hesi zilizoliwa katika alumini laini au plastiki hazirudi. Fundi mwenye busara huanza kwa vidole peke yake. Hupenda kuizungusha kwanza kinyume, mpaka asikie hesi zikidondokeana, ndipo aizungushe mbele. Ikigoma, huitoa.

Mtego wa pili uko ndani. Shingo ikiwa ndefu kupita kiasi kwa upande wa chini, ukingo wake huchungulia katika chemba. Komeo likipita huugonga, au kidonge kishukacho hukwaruzwa na ukingo huo na kupasuka, na mwenye bunduki hulaumu vidonge, hulaumu kibuyu, hulaumu hata hali ya hewa, asijue kuwa mkosaji ni kile kifaa kipya alichojisifia jana. Bunduki za umeme nyingi zina pia jicho dogo katika chemba, ambalo hutazama kama kidonge kimefika na hulizuia komeo mpaka kifike. Ukingo wa shingo ukilifunika jicho hilo, bunduki hudhani kuwa kuna kidonge daima. Kwa sababu hii kazi haimaliziki mpaka mtu aangalie kwa tochi kupitia juu na kuliona komeo likienda na kurudi pasipo kuguswa.

Mwisho kibuyu huwekwa, skrubu ya wenzo hupimwa, na wenzo hulazwa. Kipimo kilicho sawa ni kile ambacho wenzo huanza kukaza ukiwa nusu ya safari yake na hulala kwa nguvu ya kidole gumba. Ukilala kwa wepesi, kibuyu kitatoka; ukihitaji ngumi, plastiki itapasuka, na mtu atakuwa amerudi katika dhambi ya skrubu ile ya kwanza.

Faida ya kibano haikuwa kushika tu. Kwa kanuni za mashindano mengi, rangi ikipasuka juu ya bunduki au kibuyu, mchezaji ametoka sawasawa na yule aliyepigwa kifuani. Kibuyu ndicho kilicho juu kuliko vyote, na mara nyingi ndicho cha kwanza kuonekana juu ya kinga. Shingo iliyoshika kwa kukwaruzana ilihitaji kina kirefu ili ishike. Shingo iliyobana kwa duara zima iliweza kufupishwa. Zikatengenezwa shingo fupi fupi, na kibuyu kikashuka. Kushuka kwa upana wa kidole kimoja au viwili ni jambo la kuchekesha kwa mtazamaji. Kwa mtu aliyelala nyuma ya kinga, ni tofauti ya kubaki na kutoka.

Insafu yataka isemwe kwamba si wote waliokubali kuwa kubana shingo ndilo jawabu. Kampuni ya Tippmann ya Fort Wayne, Indiana, ambayo Dennis Tippmann aliianza kwa kuunda bunduki ndogo za mfano wa zile za kivita, na ambayo iligeukia mchezo wa rangi baada ya sheria ya silaha ya mwaka 1986 kuifunga biashara hiyo, ilitafuta njia nyingine. Katika bunduki yake ya A-5, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kibuyu kilikuwa sehemu ya bunduki yenyewe, na gurudumu la kulishia liliendeshwa kwa hewa ya risasi ile ile. Fundi mmoja alishika pande zote mbili za kiungo, na ugomvi wa mpaka ukapungua. Gharama yake ni kwamba mwenye A-5 hakuweza kuchagua kibuyu apendacho bila kubadili vitu vingine vingi. Na wako wengine waliorudi nyuma kwa hiari yao: wachezaji wanaoshika desturi ya zamani, wenye kichupa cha gramu 12, mrija wa vidonge 10 uliolala sambamba na mtutu, na bunduki ya kuinamisha. Hawa hawana shingo wala kibuyu, wala hawana haja navyo. White angaliwatambua.

Huenda mtu akasema kuwa kipande cha alumini cha ukubwa huo hakistahili kuitwa historia, na kwamba heshima ni ya wale walioandikiwa hataza. Hataza ya Hale ya mwaka 1974 yaweza kusomwa leo na yeyote, pamoja na michoro yake. Mtu wa kwanza aliyezungusha kibano cha mpira wa maji juu ya shingo iliyolegea hakuandika kitu, wala hakudhani kuwa amevumbua. Lakini ukitazama mpangilio wa mambo, mwendo ulitoka kwake kwenda kiwandani: kwanza utepe na kibano cha kuazima, kisha mafundi wadogo wakauza shingo za alumini zenye wenzo, kisha wachezaji wakazinunua kwa wingi kiasi kwamba bunduki isiyo nayo ilionekana pungufu, na mwisho kampuni kubwa zikaanza kuiweka shingo ya kibano tangu kiwandani. Katika mchezo uliokuwa na kesi nyingi za hataza juu ya bunduki za umeme, shingo ilibaki kuwa mahali ambapo mtu mwenye spana ndogo ya pembe sita na meza ya jikoni aliweza kuongeza neno lake bila kumwomba mtu ruhusa.

Smart Parts ilifunga milango yake mwaka 2010, na mali zake zikaenda kwa wengine. Bunduki za Ion hazikutoweka nayo. Zimepita mikononi mwa kaka na mdogo wake, zimeuzwa na kuuzwa tena, plastiki zake zimekwaruzika na rangi zake zimefifia. Nyingi kati yake zina shingo isiyofanana na mwili: nyeusi juu ya bluu, au fedha juu ya nyekundu, yenye wenzo uliolala ubavuni. Mwenye kuinunua leo, kabla ya kuuliza bei, huuinua wenzo huo kwa kidole gumba na kuulaza tena, ili asikie kama bado unashika.